Jasho, Ardhi na Wimbo: Kwa Haki Ipi Mtu Humiliki?

Kusema kwamba shamba fulani ni la mtu fulani ni kutoa kauli kuhusu watu wengine wote. Kauli hiyo inawaambia wasilime humo bila idhini, wasiangue nazi zake, wasipitishe ng'ombe, na wakikaidi, baraza au mahakama itasimama upande wa mwenye shamba. Udongo wenyewe haubadiliki kwa kununuliwa. Kinachobadilika ni nani anaweza kumdai nani, na kwa lipi. Kwa hiyo sheria ya mali, ijapokuwa huonekana kuwa habari ya vitu, ni habari ya watu, na swali lake la msingi ni la maadili kabla ya kuwa la mahakamani: kwa haki ipi mtu mmoja anawazuia wenzake wote wasikiguse kitu ambacho nao wangeweza kukitumia?

Wanasheria huuona umiliki kuwa haki nyingi zilizofungwa pamoja. Zimo haki ya kukaa na kitu, ya kukitumia, ya kuchuma matunda yake, ya kukikodisha, kukiuza, kukiweka rehani, kukirithisha na kuwazuia wengine. Mwaka 1961 A. M. Honoré wa Oxford alivihesabu vipengele vya umiliki akapata kumi na kimoja, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa wajibu, yaani mmiliki asikitumie kitu chake kumdhuru mtu mwingine. Hesabu yenyewe inaweza kubishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba vipengele hivi hutengana, kila kimoja kikaangukia mkononi mwa mtu wake, na bado kitu kikabaki na mwenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki ililijua jambo hilo zamani. Unguja na Pemba, na katika mwambao wa Kenya vilevile, mnazi au mkarafuu huweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ulipoota ikawa na mwenyewe mwingine. Miti inauzwa, inawekwa rehani na inarithiwa pasipo udongo kuguswa. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, ziko familia zilizomiliki nyumba kwa vizazi juu ya viwanja vya watu wengine, zikilipa kodi ya uwanja tu. Kwa sheria ya Kirumi, ambayo mawazo yake yaliingia hadi katika sheria ya Kiingereza, hali hiyo ni kioja: kilichojengwa au kupandwa ardhini hufuata ardhi. Fiqhi ya Kiislamu, iliyoongoza miamala ya pwani, haina taabu nayo, kwa kuwa hutenganisha kitu chenyewe na manfaa yake. Wakfu umesimama juu ya mgawanyo huo. Umar bin Khattab alipopata shamba huko Khaybar, Mtume alimshauri alizuie shamba lenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake. Shamba la namna hiyo haliuzwi, halipewi mtu, halirithiwi. Msimamizi analitunza, na wanaokula ni wale waliotajwa na aliyeweka wakfu, pengine miaka mia moja baada ya yeye kufa.

Kanuni nyingine za msingi hazihitaji maelezo marefu. Asiye na haki hawezi kumpa mwingine haki hiyo, na ndiyo maana aliyenunua kiwanja kwa tapeli hubaki na risiti bila kiwanja. Kukalia kitu na kukimiliki ni mambo mawili: mpangaji anakalia, mwenye nyumba anamiliki, na sheria humlinda mpangaji hata dhidi ya mwenye nyumba anayetaka kumtoa kwa mabavu. Jirani anaweza kuwa na haki ya njia katika shamba lisilo lake. Mwenye deni anaweza kuweka nyumba rehani na kuendelea kuishi ndani. Katika mfumo wa usajili ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, na kufuatwa na nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, haki hutoka kwenye daftari lenyewe, hivyo mnunuzi hahitaji kuchimbua historia yote ya kiwanja. Muda nao una kauli yake. Sheria za ukomo za Kenya na za Tanzania Bara huweka miaka 12 kwa madai ya ardhi, na mwenye ardhi aliyenyamaza kipindi chote hicho huku mtu mwingine akikaa humo waziwazi kama mwenyewe, hujikuta hana tena pa kumshtaki. Kanuni hii ya mwisho huwaudhi wengi, kwa sababu inafanana na kumzawadia mvamizi. Lakini inafichua kwamba hata sheria haiamini kuwa umiliki ni kamba isiyokatika kati ya mtu na kitu.

Basi haki hiyo inatoka wapi? Jibu linalopendwa kuliko yote ni jasho. John Locke alilitetea mwaka 1689: Mungu aliwapa wanadamu dunia kwa pamoja, lakini kila mtu ni mwenye mwili wake, na kwa hiyo ni mwenye kazi ya mikono yake, akiichanganya kazi hiyo na kitu kilichokuwa cha wote, kitu kinakuwa chake, mradi awaachie wengine cha kutosha na chenye ubora uleule. Mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuhuisha ardhi mfu yanapita karibu na hapo. Aliyelifufua pori lisilo na mwenyewe, akalitilia maji na kulipanda, analipata. Hata hivyo wanazuoni walitofautiana. Kwa Imamu Shafii, kuhuisha kunatosha. Kwa Abu Hanifa, lazima iwepo idhini ya mtawala, kwani pori nalo si tupu, lina masilahi ya umma ndani yake. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, kumbe imebeba mzozo wote: je, jasho linaumba haki lenyewe, au linampa mtu sababu nzuri ya kuiomba haki kwa wenzake?

Hoja ya jasho ina kasoro mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni ya kimantiki. Robert Nozick, ambaye mwenyewe alikuwa mtetezi wa mali binafsi, aliuliza mwaka 1974 kuhusu mtu anayemwaga kopo lake la juisi ya nyanya baharini: amejipatia bahari, au amepoteza juisi? Kuchanganya kilicho changu na kisicho changu hakuelezi kwa nini kikubwa kifuate kidogo. Kasoro ya pili ni ya kihistoria, na iliumiza zaidi. Jasho linalotambuliwa na Locke ni la jembe. Mfugaji anayeyapumzisha malisho ya kiangazi ili yaote upya anafanya kazi, tena yenye elimu, lakini haachi matuta. Macho yaliyozoea matuta yaliiona nchi yake kuwa haina mtu. Amri ya Dola ya Ujerumani ya mwaka 1895 iliitangaza ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Pwani ya Kenya, sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wajitokeze kudai kwa maandishi. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali, na watu ambao hawakuwahi kuhitaji karatasi wakageuka maskwota katika makao ya babu zao. Wajukuu wao wanaendelea kuitwa hivyo.

Tanganyika ndiko hoja ya jasho ilikopata mwandishi wake wa Kiafrika. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1923, waliitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Katika miaka ya 1950 serikali hiyo ya kikoloni ilipendekeza umilikaji wa moja kwa moja wa ardhi, na mwaka 1958 Julius Nyerere akaandika makala ya Mali ya Taifa kuupinga. Hoja yake inakubaliana na Locke mwanzoni na kumwacha njiani. Ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote. Mtu anayefyeka pori amelifanyia kazi, na kazi hiyo ni yake kweli. Ila alichopata ni haki juu ya uwanja alioufyeka na kuuendeleza, kwa muda ambao anaendelea kuutumia. Ardhi yenyewe, ambayo hakuiumba, haikuhama. Kwa mtazamo huo, anayeuza ardhi tupu anauza ambacho si chake, na anayeuza shamba anauza jasho lake tu. Baada ya uhuru mawazo haya yakawa sheria. Mwaka 1963 umilikaji wa moja kwa moja ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi.

Hoja ya Nyerere ilifika mahakamani kwa njia ambayo pengine mwenyewe hakuitarajia. Baada ya vijiji vya Ujamaa, watu wengi walidai mashamba ya mila waliyohamishwa, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1992 iliyofuta haki hizo bila fidia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba yeyote aliyeweka juhudi katika ardhi, hata kama hakuna jengo wala mazao ya kuonekana, anastahili fidia ya haki anaponyang'anywa. Mahakama ilijenga hoja hiyo juu ya maneno ya Nyerere mwenyewe ya mwaka 1958. Iliongeza jambo zito zaidi: Rais anaishika ardhi ya umma kama mdhamini wa wananchi, maana ingekuwa vinginevyo wenyeji wote wangekuwa maskwota katika nchi yao. Falsafa iliyoandikwa kuwazuia wenye fedha sasa iliizuia dola.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ziliuandika udhamini huo waziwazi. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Mwananchi hupewa haki ya kukalia hadi miaka 99, na haki ya kimila kijijini inaweza kudumu bila ukomo. Asiye raia hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Kenya ilichagua maneno mengine. Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya kama taifa, kama jamii na kama mtu mmoja mmoja, na inaigawa kuwa ya umma, ya jamii na ya binafsi. Mgeni hapati zaidi ya upangishaji wa miaka 99. Ukisoma sheria peke yake, mifumo hii miwili ni kinyume. Ukitazama mkulima mdogo anavyoishi, tofauti hupungua sana. Huku na huko mwenye shamba anapanda, anarithisha, anakopa benki kwa hati, na huku na huko serikali inaweza kulitwaa kwa barabara ikilipa fidia. Udhamini una ukali wake pia, kwa sababu mdhamini ndiye huyohuyo anayetia saini ya kutwaa.

Wazo kwamba binadamu ni mdhamini ni la zamani kuliko dola yoyote ya leo. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinakataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, kwa sababu mwenyewe ni Mungu na watu ni wageni kwake, na kinaamuru mashamba yarudi kwa koo zake kila mwaka wa hamsini. Qurani, katika Sura Al-Hadid, inawaita watu watoe katika mali ambayo wamefanywa warithi na wasimamizi wake. Thoma wa Akwino aliona kuwa ni halali mtu kumiliki kwa ajili ya kutunza na kugawa, kwani kisicho na mwenyewe hakitunzwi, lakini katika matumizi anapaswa kukihesabu kuwa cha wote pale mwenzake anapokuwa na dhiki. Anayekufa njaa akichukua chakula cha mwingine hakuiba. Mafundisho haya matatu hayafuti mali binafsi. Yanaondoa dai moja tu, kwamba mwenye mali hana wa kumjibu.

Ikiwa jasho lingekuwa msingi wa kweli wa umiliki, haki iliyo imara kuliko zote ingekuwa ya mtunzi. Hakuna aliyeumba ardhi, ila wimbo umetungwa na mtu, na kabla ya mtu huyo haukuwepo. Lakini sheria inafanya kinyume kabisa. Shamba linaweza kukaa katika ukoo bila kikomo, au kwa miaka 99 inayohuishwa. Hakimiliki ya wimbo, Tanzania na Kenya, hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kisha wimbo unakuwa wa watu wote. Hataza ya uvumbuzi, kwa mkataba wa TRIPS unaosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, hulindwa miaka 20 tu. Aliyeumba anapewa muda mfupi. Ambaye hakuumba anapewa muda mrefu.

Kitendawili hicho kinateguka ukilirudia jibu la David Hume. Kwake yeye, mali ni mapatano ambayo watu waliyafikia kwa sababu vitu ni vichache na huruma ya binadamu haitoshi. Ekari moja haiwezi kulimwa mihogo na kujengwa shule siku hiyohiyo, kwa hiyo lazima ijulikane nani anaamua. Wimbo haupungui kwa kuimbwa. Watu elfu wakiuimba harusini, mtunzi bado anao wote. Uhaba haupo mpaka sheria iutengeneze kwa kukataza kunakili, na katazo linalotengeneza uhaba lazima lieleze faida yake. Faida inayotajwa ni kwamba bila malipo watunzi wataacha kutunga. Sheria ya Malkia Anne ya Uingereza ya mwaka 1710, inayohesabiwa kuwa mama wa hakimiliki zote, ilimpa mwandishi miaka 14, na mingine 14 iwapo bado yu hai. Wauza vitabu wa London walidai kwamba haki ya mwandishi waliyoinunua ni ya milele kama shamba. Mwaka 1774 Baraza la Malodi lilikataa, na tangu hapo hakimiliki imekuwa deni linalolipwa kwa muda kisha likafutika.

Mipaka mingine inafuata mantiki hiyohiyo. Kinacholindwa ni usemi, si wazo. Hakuna awezaye kumiliki bahari ya utenzi, vina vyake wala mizani nane za kila kipande, bali beti alizotunga mtu ni zake. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972. Michoro yake ni kazi yake, lakini mtindo wake ukawa riziki ya wachoraji wengi wa Dar es Salaam, na sheria haikuwa na la kuwaambia. Hataza ni biashara ya wazi: mvumbuzi anaeleza hadharani jinsi kitu kinavyofanya kazi, naye anapewa muda wa kukifaidi peke yake. Alama ya biashara haina kikomo ikihuishwa, kwa kuwa humlinda mnunuzi asidanganywe kuhusu asili ya bidhaa. Ndiyo sababu ilizua ghadhabu Kenya kampuni moja ya Uingereza ilipojaribu kusajili jina "kikoy", neno ambalo pwani nzima hulitumia kwa vazi lake. Ombi hilo liliondolewa.

Kuna haki moja ya mtunzi isiyofuata hesabu ya faida. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba kitabu si bidhaa tu, ni maneno ya mtu anayezungumza na umma, na anayekichapa bila ruhusa anamsemesha mtu pasipo yeye kutaka. Kutoka katika fikra za aina hiyo zilikua haki za kimaadili, yaani mtunzi atajwe kwa jina na kazi yake isipotoshwe, hata kama ameshauza haki zote za kiuchumi. Hapa jasho lina nguvu kuliko katika ardhi, si kwa sababu mtu alichoka, bali kwa sababu kazi hiyo ni sauti yake.

Miongoni mwa Waislamu mjadala ulianzia mahali pengine. Wanazuoni wa Kihanafi wa kale hawakuhesabu manfaa matupu kuwa mali, kwa kuwa hayawezi kushikwa wala kuwekwa akiba. Wengi wa madhehebu nyingine waliyahesabu. Wapo pia waliokumbusha kwamba kuficha elimu ni dhambi. Mwaka 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliamua kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za majina ya biashara zina thamani ya mali na kuzivunja hakufai. Uamuzi huo uliegemea zaidi desturi ya soko la leo kuliko jasho la mtunzi, jambo ambalo Hume angelifurahia.

Elimu ya jadi ndiyo inayoupa mfumo huu taabu zaidi. Mganga anayeijua mizizi hakuigundua yeye, aliipokea. Hakuna mtunzi, hakuna tarehe, na kwa sheria ya kawaida kisicho na mtunzi ni cha yeyote, pamoja na kampuni ya dawa iliyo ng'ambo. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya shirika la ARIPO lenye makao yake Harare, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu elimu ya jadi, zinaipa jamii nzima haki hiyo, bila ukomo wa miaka maadamu elimu ingali hai mikononi mwao. Mmiliki hapa ni ukoo au kabila, pamoja na wasiozaliwa bado. Kwa waliozoea ardhi ya kijiji, hilo si geni. Ugeni uko kwa wanasheria wa hataza.

Mwisho ni suala la mali inapogongana na uhai. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, ilisikiliza watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliopinga sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008, ambayo tafsiri yake ya "bandia" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikamata dawa halali za bei nafuu zisizo na nembo. Jaji aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya uhai, ya utu na ya afya, na kwamba miliki bunifu haiwezi kutangulizwa mbele ya haki hizo. Ni uamuzi ambao Thoma wa Akwino angeuelewa bila kufafanuliwa. Sheria ya hataza yenyewe ina mlango wa namna hiyo, leseni ya lazima: serikali inaruhusu dawa itengenezwe na mwingine, mwenye hataza akilipwa ujira unaofaa, kama vile mwenye shamba anavyolipwa barabara inapokatisha kwake. Katika hali zote mbili anabaki na haki ya kudai kwamba malipo ni madogo, na anaweza kulipeleka dai hilo mahakamani.